Kahawa ya Moshi kwa mjamzito: kipi kinafaa, kipi upunguze, kipi uache

Kikombe cha kahawa ya kijiweni kinabeba mililita 50 au 60 tu, kama robo ya kikombe cha chai, na udogo huo ndio unaowapoteza wengi. Mama mjamzito akipita soko la Mbuyuni jioni akanywa vitatu na kipande cha kashata, anajiona ameonja tu. Hebu tuhesabu. Muuzaji akiweka gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, na unga ukiwa wa kahawa aina ya arabika tupu, kila kikombe kina miligramu 30 hivi za kafeini, kile kichangamshi cha kahawa na chai. Ukiwa robusta, aina nyingine iliyo kali zaidi, idadi hiyo inakaribia mara mbili. Vikombe vitatu vya robusta vinakaribia kumaliza posho ya kafeini ya siku nzima, na chai ya usiku bado haijanywewa.

Posho yenyewe ni hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze, kwa sababu ya hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Madaktari wa uzazi wa Marekani na huduma ya afya ya Uingereza wanashuka hadi 200. Vinywaji vyote hapa tumevipima kwa 200, maana vipimo vya mtaani havina uhakika, na ni bora kosa liangukie upande wa usalama. Kafeini inapita kwenye kondo la nyuma, na mtoto tumboni hana vimeng'enya vya kuivunja. Mama naye anazidi kuwa mzito wa kuitoa mwilini kadiri mimba inavyokua: kazi iliyokuwa ikichukua kama saa tano kupunguza kafeini kwa nusu, miezi ya mwisho inaweza kuchukua saa kumi na tano au zaidi. Ndiyo maana kahawa ya alasiri inamkesha mtu ambaye zamani alikunywa hata usiku akalala.

Turudi kijiweni. Kahawa yenyewe tunaisifu: inakaa jikoni muda wote, ni moto kwelikweli, na mara nyingi haina sukari. Ila birika halikai sawa jioni nzima. Vikombe vya mwanzo ni vyepesi. Vya mwisho vimechemka juu ya mkaa mpaka maji yamepungua, na mashapo yote yamo humo. Mjamzito aombe ya mwanzo, kikombe kimoja. Jambo la pili ni ile ndoo chini ya benchi. Vikombe vyote vinasuuzwa humo humo, na ikifika saa mbili usiku maji yamekuwa ya kahawia. Kahawa imechemka, lakini mdomo wa kikombe haukuchemka. Nenda na kikombe chako. Hakuna muuzaji atakayekukatalia.

Kinachoshinda vyote kwa maoni yetu ni kahawa ya unga ya arabika uliyoipika mwenyewe. Miteremko ya Kibosho, Uru, Machame na Marangu inatoa arabika, kwa hiyo mkazi wa Moshi haendi mbali kuipata. Soma pakiti: iandikwe wazi kuwa ni arabika tupu. Kama aina haikutajwa, ihesabu kama robusta. Usidanganywe na rangi. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi ni chungu zaidi, lakini kafeini yake haipishani sana na ile ya kahawia.

Kipimo ni kijiko cha chakula, kilichosawazishwa kwa kisu, yaani gramu 5 hivi. Arabika ina kafeini takribani asilimia 1.2 ya uzito wake, kwa hiyo kijiko hicho hakizidi sana miligramu 60. Chemsha maji, yaache yatulie dakika moja, mimina mililita 200 juu ya unga, koroga mara moja, funika dakika nne, chuja. Kosa linaloonekana majumbani ni kuurudisha unga jikoni uchemke ili kahawa "iive". Inachopata ni uchungu, halafu mtu anaongeza sukari vijiko vitatu kuufunika. Ukiona ni nyepesi, weka iliki mbili zilizopondwa badala ya kijiko cha pili. Vikombe viwili kwa siku vya namna hii ni 120, na nafasi ya chai moja inabaki.

Kahawa ya kopo, kama Africafé inayotengenezwa Bukoba, mkoani Kagera, ni rahisi kuipima, na hiyo ni sifa kubwa. Kijiko cha chai cha kawaida, gramu 2, ni miligramu 60 hivi, na kinaweza kupita hapo kwa kuwa Kagera ni nchi ya robusta. Tatizo ni mkono: kijiko kilichorundikwa kinabeba karibu mara mbili, na wengi hurundika. Sawazisha, kimoja asubuhi, basi.

Kwenye migahawa ya katikati ya mji uliza kitu kimoja tu: mashine inatoa shoti moja (kipimo kidogo cha kahawa nzito) au mbili? Shoti moja ya espreso ina miligramu 60 na kitu, na vikombe vikubwa vya kahawa ya maziwa mara nyingi vina mbili. Maziwa mengi juu hayapunguzi chochote kilichomo chini.

Sasa chai, ambayo kila mtu anaiona haina hatia. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi kina miligramu 40 hadi 50, na nyumba nyingi za huku hunywa asubuhi, saa nne na usiku. Ila kafeini si kosa lake kubwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya madini ya chuma yatokanayo na maharage na mboga za majani yasiingie mwilini. Kahawa nayo inazuia, japo kidogo kuliko chai. Mama anameza vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya moto kila asubuhi, kisha kliniki anaambiwa damu haipandi, naye anaona vidonge ni vibovu. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ije baada ya saa moja au mbili.

Vinywaji vya kuongeza nguvu tunavikataa moja kwa moja. Kopo la mililita 250 la aina nyingi lina miligramu 80, chupa ya nusu lita 160. Soda ya kola ina 30 na kitu kwa mililita 330, pamoja na sukari nyingi. Na wachache wanajua kwamba kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini. Kichwa kikiuma, muulize mhudumu wa afya kuhusu panadol ya kawaida.

Maziwa ni mazuri, mradi yamechemka mpaka yakapanda sufuriani. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, na ugonjwa huo unaharibu mimba. Mtindi uliogandishwa kutokana na maziwa mabichi hauponi kwa ule uchachu wake. Chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe.

Mbege ni pombe. Utaambiwa ni ndizi na ulezi tu, kwamba inaongeza damu, kwamba bibi zetu walikunywa. Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto tumboni, hata kata moja ya harusi. Ukitaka kinywaji cha kimea, togwa ya siku hiyo hiyo inafaa. Iliyolala inaanza kuwa pombe.

Kichefuchefu cha asubuhi kinatulizwa vizuri na tangawizi mbichi, kipande cha kidole gumba kilichopondwa kwenye maji moto. Juisi ya barabarani tunaipita kwa sababu ya barafu, ambayo hujui imetokana na maji gani.

Kwa walio upande wa Arusha, hasa Arumeru chini ya Mlima Meru, kuna suala la maji yenyewe. Vyanzo vingi huko vina floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua, floraidi inazidi kukolea, na majani ya chai yanaongeza nyingine juu yake. Huko tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, kabla hujafikiria kahawa gani uweke ndani.