Chumba baridi cha kukodi Bagamoyo: maembe ndiyo, ndizi hapana

Nauza matunda hapa Bagamoyo mjini. Mananasi nayafuata Kiwangwa, na msimu ukifika napokea maembe dodo. Wenzangu wanaujua mwezi wa 12: maembe yanaiva kwa mpigo, bei inaporomoka, ya jana unauza kwa hasara na ya juzi unamwaga. Ndiyo maana nikaanza kukodi nafasi kwenye chumba baridi cha sola. Unalipa kwa kreti, kwa siku, unatoa mzigo ukiuhitaji.

Kwa maembe pesa yangu inarudi. Dodo lililokomaa likiwa bado kijani, likachumwa na kikonyo chake, linakaa humo wiki mbili bila kulainika. Sharti joto la humo lisishuke chini ya nyuzi 13 hivi. Likishuka, ganda linaota madoa ya kijivu na vishimo, na hata ukilitoa haliivi vizuri, linabaki halina ladha. Hapo ndipo tunapogombana na wahudumu. Usiku wanashusha joto kwa ajili ya watu wa mchicha, asubuhi wanapandisha, eti hatujui. Nimenunua kipimajoto changu, nakizika katikati ya kreti. Siku hizi nikifika wananiamkia vizuri.

Nanasi haliongezi utamu likishavunwa, kwa hiyo usipeleke changa ukitegemea litaivia humo. Ndizi ndiyo kabisa usipeleke: baridi inazifanya nyeusi, na zile zilizoanza kuiva hutoa gesi ya etilini inayoivisha matunda ya jirani.

Jambo wasilokuambia ni jasho. Toa kreti saa sita mchana uone: maembe yanalowa chapachapa, maji yanajikusanya kwenye kikonyo, na madoa meusi yanaanzia hapohapo. Mimi natoa alfajiri, natandaza kivulini kwenye mkeka, yakikauka ndipo yanaenda mezani.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisijenge kile kibanda chenye kuta za mkaa, unazimwagia maji, yakikauka ndani kunapoa. Dodoma kwenye hewa kavu sawa. Hapa pwani hewa yenyewe imeshalowa, maji hayakauki upesi, ubaridi utatoka wapi?

Msimu ujao nakodi tena, ila kreti nakwenda na zangu. Zao zimepasuka kingo, zinachubua maembe.