TAHADHARI: kapasita na transista za 2N3055 feki Kariakoo

Mafundi wenzangu, naandika nikiwa na hasira na aibu. Siku nne nzima ile pawasaplai ya volti 13.8 inanisumbua, kumbe sakiti haina kosa lolote!

Bila mzigo inatoa 13.8 kamili. Ukiweka balbu ya nusu ampea, safi. Ukifika ampea 3 inavuma na volti zinaporomoka chini ya 12. LM317, ile chipu ya kudhibiti volti, nimebadilisha, kila kiungo nimekilehemu upya, hata transfoma nimeilaumu bure.

Ubaya uko kwenye kapasita, ile inayotunza chaji ili volti zisiyumbe. Nje imeandikwa 10,000 µF, volti 63. Nimeipasua kwa msumeno: ndani kuna kapasita ndogo ya 2,200, imezungushiwa karatasi na lami ili iwe nzito. Na yule bwana aliyeniuzia aliniwekea kiganjani akasema, "Fundi, pima uzito mwenyewe, hii ni orijino." Nikapima uzito! Mita ninayo mfukoni, napima uzito! Lakini ningemshukuje? Duka la miaka yote, risiti anatoa, maandishi ukiyakwangua kwa kucha hayatoki, na bei alinitoza ya orijino, hakunipunguzia hata mia.

Angalieni hesabu. Volti 18 za transfoma zikipita kwenye dayodi zinafika kilele cha 24 hivi. Kwa ampea 3, kapasita ya 10,000 inashuka kama volti 3 tu kati ya wimbi na wimbi, zinabaki 21. Ya 2,200 inashuka zaidi ya 10, wakati sakiti hii inataka angalau 17 ili ishike 13.8. Ndiyo maana inavuma.

Halafu 2N3055, transista inayobeba mzigo wote, ya kwake huyo huyo ikashoti kolekta na emita (miguu ambayo umeme wa mzigo unaingilia na kutokea), volti 24 zote zikatoka nje. Ingekuwa redio ya mteja imeunganishwa, ningeilipa. Nimeifungua kifuniko: chipu yake ni punje, si ya kubeba ampea 15.

Mtu wa namna hii afungiwe duka na ashtakiwe. Anajua anachouza! Leo redio, kesho itaunguza nyumba ya mtu.

Kabla hujalehemu, hakikisha kapasita haina chaji, iunganishe na rizista ya kilo-omu 1 kwenye volti 12, plasi kwa plasi, na ushike saa. Ya 10,000 inafika volti 7.6 kwa sekunde 10. Kati ya 8 na 12 usijali. Yangu ilichukua 2. Transista linganisha na ya zamani uliyotoa kwenye mashine: ya feki bati lake ni jepesi, na maandishi mengine yanafutika kwa asetoni, ingawa si yote.

Vipande na risiti nimehifadhi, Jumatatu napeleka FCC, Tume ya Ushindani. Aliyeuziwa naye alete vyake twende pamoja.