Siasa za dunia: redio au simu?

Kijana akifika umri wa kupiga kura, soga za kijiweni hubadilika: jana Arsenal, leo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Siasa hizo za dunia azifuatilie wapi?

Kwa gharama, redio inashinda. Ukishanunua betri, matangazo ni bure. Simu inakula bando, hasa video zinazojicheza zenyewe. Zizime kwenye mipangilio.

Uhakika ndio penye kazi. Idhaa za Kiswahili za BBC (tangu 1957) na DW (tangu 1963) hupitisha habari kwa mhariri kwanza. Kwenye simu, video ya vita vya zamani husambazwa kama ya leo asubuhi. Kabla hujaituma kwenye grupu, isimamishe, piga skrinishoti, itafute mtandaoni kwa picha hiyo uone ilianza kuonekana lini. Soma pia mabango ya maduka: lugha yake huweza kudokeza nchi.

Lakini redio haingoji. Ukipitwa na jina, limekwenda. Simu itakufungulia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 27, uone kwa nini nchi 5 kati ya 15 za Baraza zinaweza, hata moja peke yake, kuzuia azimio. Hapo ndipo ubishi unanoga!

Matunzo: redio ikikaa bila kutumika, toa betri; zikivuja, springi hushika kutu.

Kama mtandao kwenu ni wa kusuasua, au unasikiliza huku unapika, chukua redio. Mwenye mjadala shuleni kesho anahitaji simu, na nusu saa ya kuhakiki.