Kromu ya rodi ilibanduka, halafu wakanitolea maneno

Kabla ya masika nilipeleka rodi ya silinda, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, ya kijiko changu cha kuchimbia, kwenye karakana moja hapa Dar es Salaam ipakwe kromu ngumu upya. Ilirudi inang'aa, unajiona uso. Nikalipa yote bila kuvutana.

Haikumaliza hata mvua. Mafuta ya haidroliki yakaanza kuchuruzika, tukafungua: oili sili, ile raba inayozuia mafuta, imechanika vipande, na kromu inabanduka kama ganda la kitunguu. Niliinua kipande kwa ukucha. Chini yake sikukuta chuma, nilikuta kromu nyingine, imefifia lakini imeshika vizuri. Tabaka mbili!

Aliyewahi kusimama kwenye tangi la kromu, ambamo kromu hupakwa kwa umeme, ameshaelewa. Kromu hupanda polepole, kama mikroni 25 kwa saa, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita, kwa hiyo rodi iliyolika hushinda humo. Umeme ukikatika katikati, uso wa kromu hushika utando wa oksidi mara moja. Ukiwasha na kuendelea hivyo hivyo, tabaka la juu halishikani na la chini. Inabidi kwanza uufanye uso huo ulike kidogo kwa kugeuza mkondo wa umeme, au uvue yote uanze upya. Umeme kukatika simlaumu mtu, sote tunaishi nchi hii. Kunifunika macho kwa kung'arisha juu ndiko kunakoniuma.

Nikarudi na kile kipande ndani ya bahasha. Msimamizi hakukigusa. "Mzee, mashine yako mbovu, unatafuta wa kumbebesha." Mbele ya vijana wake! Kijana ambaye nimeanza kushika spana hajazaliwa.

Fundi wa tangini alinifuata hadi getini, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee wangu. Siku ile umeme ulikatika, tukaambiwa tuendelee tu." Mungu ambariki.

Niseme haki: rodi nyingine waliyonipakia zamani inapiga kazi mpaka leo, haina mkwaruzo. Kazi wanaiweza, na kupaka ni nafuu kuliko kuagiza rodi mpya. Kwa hiyo nendeni, ila ulizeni kama jenereta yao inawaka... Hapana. Nikikumbuka ile "mashine yako mbovu", nasema msiende. Yule fundi akifungua kwake nitampelekea kila chuma nilicho nacho. Kwa msimamizi yule sipeleki hata bolti, na hela yangu bado anayo.