Nyundo ya upepo niliyoikodi Wete

Nilisimamia ujenzi wa gati dogo la mashua upande wa Wete, Pemba, nguzo 14 za zege, kila moja mita 9. Nyundo ya kushindilia nguzo, kreni na kompresa ya kubana upepo nilivikodi kwa mkupuo mmoja, vikavushwa kwa tishari kutoka Unguja. Nyundo yenyewe ni chapa ya Vulcan, namba 1, ya zamani, rangi imeshaliwa na chumvi.

Nilishauriwa nichukue ya dizeli, nikakataa. Pale juu ni tope la mikoko, jiwe la matumbawe liko chini. Nyundo ya dizeli inataka nguzo iipe ukinzani ndipo iwake; kwenye tope nguzo inazama tu, moto haushiki, mnabaki kuinyanyua upya. Ya upepo haina deko hilo. Hii yangu upepo kazi yake ni kunyanyua chuma kinachopiga tu, kikifika juu kinaanguka kwa uzito wake: kilo 2,270 hivi, kimo cha sentimita 91, mapigo 60 kwa dakika. Zege linapenda pigo zito la taratibu, mradi usisahau mto wa mbao juu ya kichwa cha nguzo, chini ya kofia ya chuma. Zipo nyengine ambazo upepo unasukuma hata wakati wa kushuka, chuma chepesi, mapigo ya haraka haraka. Hizo ni nzuri kwa mabati ya kuzuia mchanga.

Nyundo kama hii inakubali mvuke pia, na mvuke ndio asili yake, tangu James Nasmyth wa Uingereza alipoanza kushindilia nguzo kwa mvuke miaka ya 1840. Lakini nani ataleta boila Pemba akaipe maji matamu kutwa?

Nguzo mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Kila pigo tundu la pembeni likitoa ukungu mweupe, watoto wakasema moshi. Nikaweka mkono: baridi! Upepo uliobanwa ukiachiwa hupoa, na unyevu wetu wa kaskazi ukawa ukungu.

Nguzo ya tatu ikagoma kwenye mita 5. Mapigo 40, haijashuka hata upana wa kidole. Fundi wa wenye kuikodisha nyundo akaniambia, "Sheikh, hapo ishafika jiwe, tuikate." Mie sikuridhika, nguzo jirani ilipita mita 7. Nikachukua chokaa, nikatia alama kwenye reli ya nyundo pale chuma kinapotakiwa kufika, tukapiga tena. Chuma kilikuwa kinaishia nusu ya njia. Mlio ni ule ule, kishindo hakuna. Kumbe kompresa ya kwanza iliharibika usiku, wakaunganisha ndogo bila ya kuniambia, na mpira wa upepo unavuja kwenye kiungo.

Tukasimama siku tatu, bamvu, yale maji makuu, likatupita. Kompresa kubwa ilipokuja, nguzo ile ile ikateremka mita 2 na ushee kabla ya kugusa jiwe la kweli. Ingekatwa pale, gati lingekaa juu ya tope.

Nyundo naipa nyota tano. Wenye kuikodisha nawapa mbili, kwa sababu siku zile tatu walitaka kunilipisha zote, tukavutana hadi wakakubali kuacha moja. Nikikodi tena, kompresa nitaiwasha na kuisoma geji yake bandarini Malindi, Unguja, kabla haijapakiwa.