Prosesa na madabodi kwa mchezaji gemu wa Mombasa: anza na RAM uliyo nayo

Wateja wengi huingia dukani wakiuliza prosesa gani ina nguvu. Swali la kuanzia ni jingine: RAM iliyo kwenye kompyuta yako ni ya kizazi gani, DDR3, DDR4 au DDR5? Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuvihudumia vituo vya data vya akili unde. Seti ya DDR5 ya GB 32 inaweza kukutoa pesa nyingi kuliko prosesa yenyewe. Basi aliye na GB 16 za DDR4 ana mali mkononi, na orodha hii nimeipanga nikimfikiria yeye: bajeti ya kubana, skrini ya 1080p, kadi ya grafiki ya wastani. Bei za shilingi siandiki. Zingechacha kabla hujafika Digo Road.

Kabla ya kutoa hata senti, pima. Fungua gemu unayoipenda, uangalie kadi ya grafiki inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Ikiwa iko 97 na kuendelea muda wote, prosesa haina kosa na pesa yako iende kwenye kadi. Ikiwa inayumba kwenye 50 au 60 huku picha ikikwamakwama, soma mbele.

Nambari moja kwangu ni Ryzen 5 5600 ya AMD. Ina viini 6 (ndivyo vinavyofanya kazi ya prosesa), nyuzi 12, kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, na inakula wati 65 tu, kwa hiyo feni inayokuja nayo boksini inatosha hata Februari yetu hii ya joto. Uzuri wake mkubwa ni soketi ya AM4, yaani kikao chake kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ambayo imebeba prosesa za Ryzen tangu 2017. Mwenye madabodi ya B450 na Ryzen 3 ya zamani hana haja ya kununua madabodi nyingine. Anapandisha toleo la BIOS (programu ya msingi ya madabodi) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa mahali pake, halafu ndipo anabadilisha. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kuwasha kompyuta ukatazama skrini nyeusi, na fundi atakutoza kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe.

Anayenunua madabodi upya atafute B550. A520 ni nafuu zaidi na prosesa itafanya kazi vizuri tu, ila inaishia PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha njia inayounganisha kadi na madabodi. Kwa kadi nyingi tofauti ni ndogo, lakini kwa RX 6500 XT, inayotumia njia 4 pekee za PCIe, utaiona kwenye gemu.

Hapa pana mtego. Utaambiwa, «Bosi wangu, 5600 imeisha, chukua 5500, ni ile ile.» Si ile ile. 5500 ina kashe ya MB 16, nusu ya mwenzake, na haivuki PCIe 3.0. Ichukue kama bei imeshuka kweli, usiichukue kwa bei ya 5600. Nayo 5600G ina upungufu huohuo, lakini ina grafiki ndani, kwa hiyo inamfaa asiye na kadi kabisa: GTA V na gemu za mpira zitakwenda kwa mipangilio ya chini, mradi uweke vipande viwili vya RAM badala ya kimoja. Ukikutana na Ryzen 7 5700X3D kwa bei ya maana, usifikiri mara mbili. Kashe yake ni MB 96 na kwa gemu ni moto kweli, ila boksini haina feni, na feni yake isiwe ya mzaha.

Ya pili ni Core i5-12400F ya Intel. Kwa gemu inakwenda sawa na 5600, na kwa baadhi inaitangulia kidogo. Naiweka ya pili kwa sababu ya madabodi: lazima ununue mpya ya soketi ya LGA1700, na zipo za DDR4 na za DDR5 ambazo majina yake yanafanana kama mapacha. Soma boksi hadi uione DDR4 kwa macho yako. H610 inatosha kama huna mpango wa kuongeza vitu, maana nyingi zina nafasi mbili tu za RAM. B660 au B760 ni starehe zaidi. Herufi F maana yake haina grafiki ndani, kwa hiyo bila kadi hupati picha. Na ukija kupandia i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ya mtumba, kumbuka hizo ziliwahi kuwa na tatizo la volteji lililoziharibu taratibu. Intel walitoa marekebisho ya BIOS mwaka 2024, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi.

Kwa mfuko mwembamba kabisa kuna i3-12100F, ya tatu kwangu. Viini 4 vinatosha kwa Valorant, CS2 na nyingi za mtandaoni. Kwenye gemu kubwa za karibuni vitalalamika. Kinachoiokoa ni soketi, kwani kesho unaweza kuitoa ukaweka 12400F juu ya madabodi ileile.

Ryzen 5 7600 na madabodi ya B650 vingeshika nafasi ya kwanza mwaka ambao RAM ilikuwa rahisi. Soketi yake, AM5, haipokei DDR4 kabisa. Kama unajenga kutoka sifuri na una subira ya kudunduiza, ndiyo njia yenye maisha marefu; kama una DDR4 tayari, iache.

Mkiani nimeweka mbili zinazopigiwa debe sana: madabodi za X99 za kuagiza China zikiwa na Xeon (prosesa ya Intel ya seva) ya viini kumi na kitu, na i7-4770. Xeon hizo zina viini vingi lakini kila kimoja ni kizito, na gemu nyingi hutegemea wepesi wa vichache. I7 ya kizazi cha nne inatumia DDR3, haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

Wengi hapa wanaanzia kompyuta ya ofisi, ex-UK, HP au Dell. Madabodi mpya nadra iingie humo bila vita: plagi za umeme mara nyingi ni za muundo wa kampuni yenyewe, na keisi pia. Hesabu keisi na pawa saplai ndani ya bajeti tangu mwanzo. Pawa saplai isiyo na jina, kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo, ndiyo njia ya haraka ya kuunguza vyote ulivyonunua.

Kwa mtumba, AM4 ina pini chini ya prosesa, LGA1700 ina pini ndani ya soketi ya madabodi. Ya kwanza geuza prosesa, ya pili fungua kifuniko, umulike na tochi ya simu. Madabodi iliyoishi karibu na bahari itazame pia kwenye milango ya USB na skrubu. Ukiona kutu au ukijani, rudisha. Sisitiza iwashwe mbele yako mpaka BIOS isome RAM kwenye kila nafasi, na risiti iandikwe nambari ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye kifaa, maana waranti bila nambari hiyo ni maneno matupu.

Usiku wa kuamkia kubadilisha madabodi, unganisha Windows na akaunti yako ya Microsoft na uandike ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski) mahali. Leseni iliyokuja na kompyuta ya ofisi kwa kawaida haihamii madabodi mpya, kwa hiyo itie nayo kwenye hesabu.