Kipimo cha nitrati kwa tangi la matumbawe: kipi ununue, na jinsi unga unavyokudanganya

Malalamiko ya wafugaji wa matumbawe yanafanana kama mapacha: "Nabadilisha maji kila wiki, nitrati haishuki." Au kinyume chake: kipimo kinasoma sifuri huku matumbawe yanapauka. Nitrati ni taka inayoyeyuka majini kutokana na chakula na kinyesi cha samaki. Piga hesabu kwanza. Ukibadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki, nitrati ya miligramu 40 kwa lita inashuka hadi 32, halafu 26, halafu 20, na wiki ya nne inafika kama 16. Weka juu yake kidogo kinachotokana na chakula cha samaki. Kama wiki ya nne bado unasoma 40, shuku mambo mawili kabla hujanunua chupa ya dawa: maji unayoongeza, na kipimo chenyewe.

Maji ni rahisi kuyakagua. Maji ya kisima cha mjini, hasa penye vyoo vya shimo, mara nyingi yana nitrati yake, na ukiyachanganya na chumvi unairudisha ileile uliyoimwaga. Ya bahari yaliyochotwa karibu na mfereji wa mji ni hivyohivyo. Yapime kabla hayajaingia tangini. Lakini utayapimaje kama kipimo chenyewe ni kibovu?

Uzuri wa boksi na wepesi wa maelezo utauona mwenyewe dukani. Mimi nataka uangalie unga.

Vipimo vya rangi vinavyouzwa kwa ajili ya matangi havipimi nitrati moja kwa moja. Ndani yake mna unga wa metali, kwa kawaida zinki, unaoigeuza nitrati kuwa nitriti. Dawa nyingine hukutana na nitriti hiyo na kutoa rangi ya waridi. Kila kosa linaanzia hapo. Unga ukiwa pungufu, au umeingiwa na unyevu na kuganda, nitrati inayogeuzwa ni kidogo, rangi inafifia, nawe unafurahia namba ndogo ya uongo. Kijiko kikijaa kilima, au ukichelewa kusoma kwa dakika kumi, rangi inazidi kukolea. Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: nitriti iliyokuwemo majini tangu mwanzo nayo inatoa rangi. Kwa kuwa zinki hugeuza sehemu tu ya nitrati, nitriti kidogo inajionyesha kama nitrati nyingi. Tangi jipya la wiki tatu likisoma 100, pima nitriti kwanza. Kama ipo, hiyo 100 haikuambii kitu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa kipimo cha kampuni ya Salifert, na sifichi kwamba ndiyo kipenzi changu. Unga wake ni mkavu, uko kwenye kichupa chake, na unauona kwa macho kama umeshikana. Chota mililita 1 ya maji kwa bomba lake (lile la sindano, lisilo na sindano), weka matone 4 ya dawa ya kwanza, kisha kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa. Sawazisha kwa ukingo wa kisu, usikigonge kwenye kichupa, maana ukikigonga unga unajibana na unapata zaidi ya kipimo. Zungusha polepole sekunde 30, subiri dakika 3, soma. Ukitazama kwa juu, kichupa kikiwa juu ya kadi nyeupe, unasoma namba ya kadi. Rangi ikiwa hafifu mno, tazama kwa ubavuni na ugawe namba kwa 10. Kwa njia hiyo kipimo kimoja kinakutofautishia 0.5 na 50, na kwa matumbawe tofauti hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu wengi wetu tunalenga kati ya 2 na 10. Sifuri kabisa si ushindi: matumbawe hukosa chakula, na mwani wa dinoflajelati hupata nafasi.

Angalia bomba pia. Soma kwenye ukingo wa chini wa mpira, na ukiona kiputo cha hewa katikati ya maji, mwaga uchote upya. Kwenye mililita 1, kiputo kidogo ni kosa kubwa. Usisomee chini ya taa za buluu za tangi. Nenda dirishani mchana.

Ya pili ni Hanna HI782, mashine ndogo inayosoma hadi miligramu 75. Ifikirie kama macho yako hayatofautishi waridi na waridi. Unga wake huja kwenye pakiti za matumizi ya mara moja, kwa hiyo unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hauupati kirahisi. Ila usipoukung'uta wote, au chembe zikibaki zinaelea, au kichupa kina alama za vidole, mwanga unazuiwa na namba inapotoka. Futa kioo kwa kitambaa laini kila mara. Dawa zake za ziada zinauzwa kwa vipimo 25, na hapo ndipo fedha inapokwenda. Ulizia bei ya dawa kabla ya bei ya mashine.

Red Sea Pro ni ya tatu. Kwa nitrati ya chini, 0 hadi 4, ni nzuri mno. Kwa nitrati ya juu unachanganya maji yako mara 16 na maji yasiyo na nitrati, kisha unazidisha, na kosa lako la kuchota nalo linazidishwa mara 16. Kutoka alama ya 16 unarukia 32.

API ni ya bei rahisi. Chupa ya pili lazima itikiswe kwa nguvu sekunde 30, la sivyo unga unabaki chini. Na hata ukitikisa, 10 na 20 zake ni ndugu wa tumbo moja. Vijikaratasi vya kuchovya, hapana.

Sasa wauzaji. Boksi limekaa rafuni juani, stika ya bei imebandikwa juu kabisa ya tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukiuliza unaambiwa "haya hayaharibiki". Yanaharibika. Bandua stika mbele yake. Fungua boksi, inamisha kichupa cha unga: unatakiwa uteleze kama mchanga mkavu. Ukija bonge moja, mrudishie. Na akikuuzia dawa ya kuondoa nitrati kabla hajakuuliza unasoma ngapi, huyo anauza chupa tu.

Ukifika nyumbani, kikague kipimo ulichonunua. Nunua duka la pembejeo nitrati ya potasiamu, ile mbolea ya 13-0-46 ya wakulima wa vitalunyumba. Gramu 1.63 kwenye lita 1 ya maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja hadi chumvi, inakupa nitrati ya miligramu 1,000. Huna mizani ya sonara? Gramu 16 kwenye ndoo ya lita 10 zinakaribia vya kutosha. Chukua mililita 10 za maji hayo, ongeza maji mapya ya chumvi yaliyotengenezwa kwa RO hadi lita 1. Hapo una 10 kamili, na Salifert ina alama ya 10 kwenye kadi yake. Ikisoma 2 au 50, rudi dukani na risiti siku hiyohiyo, na ubebe chupa ya maji hayo muuzaji apime mwenyewe.